Pumzi za Bi Borghild

Feni ya kompyuta ya mapajani ilikuwa inazunguka, na betri yake ilikuwa mkononi mwa Gunnvor.

Akainama kutazama chini ya meza. Waya wa umeme ulikuwa umelala sakafuni, haukuchomekwa popote. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitengeneza kompyuta za watu wa Hammerfest, mji wa kaskazini ya mbali, katika chumba cha chini cha nyumba yake, na alikuwa na jibu la kila kitu, hata la yale asiyoulizwa.

"Ni umeme uliobaki ndani," alisema, kwa kuwa mteja aliyeileta alikuwa anamkodolea macho. "Utaisha sasa hivi."

Huyo alikuwa Ragnfrid, mwalimu, aliyemzika mama yake wiki tatu zilizopita. Kompyuta ilikuwa ya marehemu. Ukiiwasha, nembo ya kampuni inatokea, kioo kinazima, nembo inatokea tena, kinazima tena, haifiki popote. Na humo ndimo ilimokuwa sauti ya Bi Borghild akisimulia maisha yake, saa arobaini nzima, wala hapakuwa na nakala nyingine duniani.

"Nitolee sauti ya mama tu, dada," Ragnfrid alisema. "Mengine tupa. Nimeanza kuisahau."

Gunnvor alibonyeza kitufe cha kuwashia kwa hesabu ya thelathini. Akachomoa vipande vya kumbukumbu vya mashine, akavisugua kwa kifutio, akavirudisha. Akaunganisha kioo kingine. Nembo ikatokea, ikazima. Ilikuwa saa saba mchana na nje giza totoro, kama Desemba zote za huko, jua lisipochomoza kabisa, lakini leo giza hilo lilimkera.

"Unasikia harufu hiyo?" aliuliza.

"Mafuta ya samaki. Mama alikuwa anakunywa kijiko kila asubuhi."

Gunnvor akaweka bisibisi chini. "Hebu niambie. Mama alifia wapi?"

"Kwenye kiti chake. Alikuwa anarekodi, kompyuta iko mapajani."

"Mkafungua dirisha?"

Hapo mjini mtu akikata roho, dirisha hufunguliwa kwanza ili roho itoke, ndipo aitwe daktari. Hata wale wanaocheka habari za mizimu hulifungua, wala hawaulizi kwa nini.

"Kulikuwa na baridi kali," Ragnfrid alinong'ona. "Mama na baridi walikuwa paka na panya. Nilimwonea huruma, dada. Nikamfunika blanketi, nikafunga na kompyuta..."

"Umemfungia humo, Ragnfrid."

Ule mvumo wa feni, ambao mpaka hapo ulikuwa wa feni tu, ukapanda na kushuka, ukakwama, ukapanda tena kwa mkoromo wa kifua kilichochoka, na nembo ikawaka na kuzima kwa kuufuata, huku harufu ya mafuta ikiwajaa puani na baridi ikitambaa juu ya meza ingawa jiko la kuni lilikuwa likiwaka nyuma yao, na Gunnvor, ambaye siku zote aliwacheka wateja wanaoongea na mashine zao, akajikuta akisema kwa sauti ndogo inayotetemeka, "Subiri, bibi, tunakufungulia."

Akalikimbilia dirisha. Lilikuwa limegandwa na barafu. Alilipiga kwa ngumi mara mbili, likaanza kuachia.

"Usifungue!"

"Mwache aende, mwenzangu. Husikii anavyohangaika? Kila ikiwaka ni yeye anatafuta pa kutokea."

"Aende wapi na baridi hii?"

"Amekufa!"

"Mimi nilikuja kutafuta sauti yake," Ragnfrid alisema, na uso wake ukawa umechangamka kwa namna iliyomtisha Gunnvor kuliko ile feni. "Kumbe mwenyewe yupo. Halafu nimwachie aende na upepo?"

Akaifunika kompyuta, akaipachika kifuani na kufunga vifungo vya koti mpaka shingoni. Gunnvor alimshika mkono. Chini ya kitambaa kitu kilijikunja kama mtu anayegeuka kitandani, na Gunnvor akamwachia. Aliogopa, na aliona aibu kuogopa.

Ragnfrid alipofika katikati ya ngazi, sauti ya bikizee ikatoka ndani ya koti, imekosa pumzi.

"Mwanangu... nifungulie."

"Shh, mama." Alikuwa akilipapasa koti taratibu huku anapanda. "Tukifika nyumbani nitakuongezea blanketi."