Ukuta wa Baba Praygod

Godlisten, ambaye majirani humwita Baba Praygod, anaishi Goba na mkewe Jovina. Nyumba yao iko kwenye mteremko. Zamani mvua ikinyesha, maji yalishuka na kuzoa ndoo, viatu na hata kuku wao. Basi Godlisten akajenga ukuta mnene upande wa juu. Aliusifu mpaka wageni wakachoka.

Maji hayakuingia tena kwake. Yaligeukia kwa jirani yake Hamisa, fundi cherehani. Yakachimba udongo mpaka msingi wa chumba chake ukabaki nje. Humo ndimo anamoshonea, na ndimo anamolala na bintiye.

"Baba Praygod, chumba kitatuangukia," Hamisa alilalamika.

"Na wewe jenga ukuta, jirani. Kila mtu alinde kwake."

Hamisa alinuna. Wakaacha kusalimiana.

Wakati huo Bupe na wenzake, wanafunzi wa shahada ya uzamili ya mipango miji, walikuwa wakipima mlima ule. Siku ya kuwasilisha kazi yao ya mwisho, waliwaleta walimu wao pale pale mtaani na kuwaalika wakazi. Mezani waliweka mlima wa udongo wenye vijumba na kuta. Kazi safi kweli! Kila mtu aliitambua nyumba yake.

Bupe akamimina maji juu ya mlima. Yakagonga ukuta wa Godlisten, yakakata kona. Kijumba cha Hamisa kikaanguka.

Jovina akamtazama mumewe. Godlisten akasimama.

"Binti, mie nilijikinga tu. Nimekosea wapi?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Kujikinga si kosa. Ila maji ukiyaziba yanahamia kwa mwenzio. Naye akiziba, yanahamia kwa mwingine."

"Sasa sie tufanyeje?"

Bupe alikisimamisha tena kijumba cha Hamisa, akatoboa ukuta ule wa mezani, akachora mtaro kupita viwanja vyote hadi mtoni. "Tuyape njia moja. Mtaro tuutandike mawe, yapunguze kasi. Kando tupande nyasi, mizizi ishike udongo. Na uwanja usisakafiwe wote, ili ardhi inywe maji."

Akamimina tena. Vijumba vyote vikabaki vimesimama. Watu walipiga makofi, na mwalimu mmoja akasahau maswali yake.

Jumamosi Godlisten alitoboa ukuta wake mwenyewe kwa nyundo. Sisi majirani tukachimba mtaro. Nilidhani wanafunzi wameshapata alama zao na kwenda zao. Kumbe! Walikuja wamekunja suruali, wakabeba mawe mpaka jioni. Niliwapenda sana vijana wale.

Masika yakaja. Asubuhi moja mvua ilipiga kwa nguvu. Godlisten alikimbilia kwa Hamisa akiwa amelowa chapachapa. Maji yalikuwa yanapita mtaroni, na msingi ulikuwa mzima. Ndani cherehani ilikuwa inalia.

"Hodi, jirani," alisema kwa aibu. "Nimekuja kuangalia chumba."

Hamisa akaacha kushona. Akamsogezea kiti.

"Karibu, Baba Praygod. Kaa humu humu mvua ipite."