Usimwite Kabati

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa duka la ushonaji. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia vitambaa, pasi, na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Mwenye duka watu wote walimwita Fundi. Msaidizi wake alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Mume mwenyewe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Nyumbani alionekana kwa nadra, kama mgeni mwenye ufunguo.

Kazi ya pale ilikuwa na utaratibu wake. Fundi alimzungushia mteja utepe wa kupimia, kisha akasoma kipimo kwa sauti. Wifi alisimama mezani na chaki. Alikiandika kipimo kwenye pindo la kitambaa cha mteja mwenyewe, ili kisichanganywe na cha mwingine. Na kila kipimo Wifi alikitia chumvi.

"Kiuno, inchi arubaini na mbili!" Fundi alisoma.

"Ngapi? Fundi, hapo tunashona gauni au turubai?"

Duka zima lilicheka. Mteja naye alicheka, maana asingecheka angeambiwa ana kisirani. Wifi alicheka kuliko wote, kiganja kimeziba mdomo, kama ilivyokuwa kawaida yake.

"Acha hizo, Wifi," Fundi alisema, huku naye mabega yanamtikisika kwa kicheko. Aliamini vicheko vile ndivyo vinavyoleta wateja.

Lakini siku hizo kuna kitu kilikuwa kinamchosha Fundi. Kilikuwa sweta.

Sweta lenyewe lilikuwa la shule, la kijivu, kubwa kuliko mwenye kulivaa. Binti yake wa pekee alilivaa asubuhi, mchana na jioni. Alilivaa hata kiangazi kilipopamba moto. Tena alitembea ameinama, mabega ameyakunja mbele. Fundi alikuwa ameshasema mpaka mate yamemkauka.

"Wewe mtoto, jua lote hili na sweta?"

"Nasikia baridi, mama."

"Baridi ya wapi? Mbwa wa jirani amelala ndani ya beseni la maji, wewe unasikia baridi! Na simama wima. Unatembea kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka."

Binti alivuta mikono ya sweta ikafunika vidole. Siku hizi maneno yake yalikuwa machache. Zamani alikuwa msemaji, na tena mlinzi hodari wa goli katika timu ya netiboli ya shule. Mwisho wa mwezi kulikuwa na mechi kubwa. Shule ilikuwa imempa Fundi kazi ya kushona nguo za timu, na wasichana wote walikuwa wameshapimwa. Wote isipokuwa mmoja.

"Umebaki wewe tu," Fundi alisema. "Mtoto wa fundi ndiye hana nguo! Njoo nikupime, ni dakika moja."

"Sipimwi."

"Husikii au hutaki?"

"Sipimwi, mama. Na mwisho wa mwezi sichezi. Natoka kwenye timu."

Fundi alitupa utepe mezani. "Haya, toka! Mimi nimechoka. Nimechoka kabisa!"

Siku iliyofuata binti alikwenda mazoezini kwa mara ya mwisho, kurudisha mpira aliokuwa anautunza. Mwalimu alimwomba acheze kidogo. Alicheza juani, sweta mwilini. Akaanguka.

Wenzake walimleta nyumbani wamemshika huku na huku. Bahati nzuri jirani wa nyumba ya pili, ambaye ni muuguzi wa zahanati, alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini. Aliwafuata mpaka ndani.

"Mlazeni hapa, penye upepo. Mama yake, leta maji na kitambaa. Tumvue hili sweta."

Hapo ndipo ikatokea ajabu. Binti alikuwa hoi, macho nusu yamefumba. Lakini mkono wa Muuguzi ulipogusa sweta, alilishika kwa mikono yote miwili na hakuliachia.

"Mwone!" Fundi alisema. "Anataka kufa na sweta lake!"

 Muuguzi aliwatoa watu wote chumbani, akabaki Fundi tu. Akafunga mlango. Ndipo vidole vya binti vikalegea. Muuguzi alimvua sweta, akampoza shingo na kwapa kwa kitambaa chenye maji, akampepea kwa kipande cha boksi. Binti alipopata nafuu, akampa maji anywe kidogo kidogo.

"Joto lilimzidi," Muuguzi alisema. "Mtu akizidiwa na joto, mpeleke kivulini, mpunguzie nguo, mpoze kwa maji. Kama ana akili zake, mpe maji anywe. Kama amechanganyikiwa, au haamki, usikae kumwangalia. Kimbilia hospitali."

"Nimemwambia kila siku juu ya sweta hili. Kila siku! Hasikii."

"Umemwambia. Umemuuliza?"

"Nimuulize nini tena?"

Muuguzi alivuta kigoda, akakaa karibu na binti. Alimuuliza taratibu, "Mwanangu, unaficha nini?"

Binti alitazama ukuta. Walingoja. Fundi alifungua mdomo, Muuguzi akamtazama, akaufunga.

"Mabega," binti alisema mwishowe.

"Mabega yana nini?"

"Shangazi alisema mimi ni kabati la milango miwili."

Fundi alikumbuka. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka, siku ya kupimwa sare ya shule. Duka lilikuwa limejaa. Yeye Fundi alisoma kipimo cha mabega kwa sauti, kama kawaida. Wifi akapiga meza kwa chaki na kusema, "Haya si mabega, ni kabati la milango miwili! Huyu mume wake awe seremala!" Watu walicheka mpaka mteja mmoja akakaa chini. Mteja huyo ana mtoto anayesoma darasa moja na binti. Kesho yake jina lilikuwa limefika shuleni.

"Wananiita Kabati," binti alisema. "Nikiingia darasani wanasema, fungueni njia, fanicha inapita."

"Lakini ule ulikuwa utani tu!" Fundi alisema. "Shangazi yako anakupenda. Hata mimi siku ile..."

"Hata wewe ulicheka, mama."

Fundi alikosa pa kuweka mikono.

"Basi puuza, mwanangu. Puuza tu. Kwanza mabega yako mazuri sana."

Muuguzi alitikisa kichwa. "Usimwambie apuuze. Angeweza, angeshapuuza. Wala hajakuuliza kama mabega yake ni mazuri. Anachotaka ni watu wayaache. Mtoto akianza kujificha, akiacha mchezo anaoupenda, akawa hataki kutazamwa, kuna neno limemkaa ndani. Aliyelisema amesahau siku hiyo hiyo. Aliyeambiwa anatembea nalo. Sasa wewe anzia hapa nyumbani kwako. Neno lilitoka hapa, basi lizuiwe hapa."

Lakini Fundi alikuwa ameshasimama. Hasira zilikuwa zimempanda. Alitoka mbio mpaka bombani, ambako kina mama na wanafunzi walikuwa wamepanga ndoo.

"Sikilizeni nyote!" alipaza sauti. "Atakayemwita binti yangu Kabati, mimi na yeye! Nasema Kabati nisilisikie tena!"

Watu waliacha ndoo zikafurika. "Kabati ni nani?" aliuliza muuza mkaa, ambaye hakuwahi kulisikia jina hilo. "Yule mrefu mwenye sweta? Kumbe ndiye Kabati!"

Jioni ile jina lilikuwa limezunguka mtaa mzima. Binti alilia kwa uchungu.

"Mama, umefanya nini? Sasa hata waliokuwa hawajui wamejua!" Akajifungia chumbani na sweta lake.

Fundi alikaa kizingitini, kichwa mikononi. Alitamani ajipige kibao. Muuguzi alimkuta pale pale.

"Nilikuambia uanzie wapi?"

"Nyumbani."

"Ukaanzia wapi?"

"Bombani," Fundi alisema kwa sauti ndogo.

Muuguzi alijizuia kucheka. "Shuleni tutakwenda wote wawili, tuzungumze na mwalimu faragha. Lakini kwanza zungumza na wifi yako."

Asubuhi, kabla wateja hawajaingia, Fundi alimweleza Wifi yote. Wifi alikunja uso.

"Kwa hiyo mimi ndiye mbaya? Watoto wa siku hizi ni mayai? Sisi tulitaniwa, tukakua, na hatukufa. Ni neno tu!"

"Wifi."

"Nini?"

"Mbona ukicheka unaziba mdomo?"

 Wifi aliangalia kiganja chake kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Ni mazoea."

"Tangu lini?"

Wifi alichukua chaki, akaiweka, akaichukua tena. "Nilikuwa darasa la tatu. Tulikuwa na wageni. Mama mdogo akasema nikicheka ninafanana na punda anayepiga miayo. Wageni wakacheka sana."

"Mama mdogo yuko wapi sasa?"

"Alishafariki siku nyingi. Wewe si ulikuja kwenye mazishi?"

"Nilikuja. Yeye hayupo, na mkono bado uko mdomoni."

Wifi alikaa kwenye kiti cha cherehani. 

Binti alipotoka chumbani, Wifi alimwita. "Njoo, mwanangu. Kama nilikuudhi, basi yaishe. Lakini na wewe uwe na moyo mgumu kidogo, maana..."

"Fumua," Fundi alisema.

"Nifumue nini?"

"Hiyo 'lakini', na hiyo 'kama'. Umeshona vibaya. Fumua, anza upya."

Wifi alivuta pumzi. "Nilikucheka mbele za watu. Nilikosea. Jina lile sitalitamka tena, na atakayelitamka hapa dukani nitamkataza."

"Na mimi nilicheka," Fundi alisema. "Nilikosea, mwanangu."

"Sawa, mama. Sawa, shangazi," binti alisema. Hakuwakumbatia. Akaenda shule na sweta lake.

"Mbona hajalivua?" Wifi alinong'ona.

"Ulitaka alivue kwa sababu umesema maneno mawili?" Fundi alijibu. "Tungoje."

Wakangoja, na kungoja kuliwachosha. Katika siku hizo Fundi alishona pazia kwa mabaki ya vitambaa, akalitundika kwenye kona. Tangu hapo mteja alipimwa nyuma ya pazia. Kipimo hakikusomwa tena kwa sauti. Fundi mwenyewe alikiandika kwa chaki kwenye pindo, na alipotoka alimkabidhi Wifi kitambaa bila neno. Wateja wengine walinuna.

"Duka lenu siku hizi limepoa kama mahali pa msiba."

"Ukitaka vichekesho, fungua redio," Fundi aliwajibu. "Hapa njoo na kitambaa."

Lakini na wengine walianza kuja. Mwanamke mmoja mnene, aliyekuwa akituma nguo ya zamani ikapimwe badala yake, sasa alikuja mwenyewe.

Mwalimu naye alizungumza na darasa juu ya majina ya kejeli, bila kumtaja mtu. Baadaye aliwaita wale waliozoea kuita, mmoja mmoja. Jina halikufa kwa siku moja. Lilipungua. Mara likaibuka, likakemewa, likapungua tena. Na kila jioni Fundi alijifunza kumuuliza binti, "Leo kulikuwaje?" kisha kufunga mdomo na kusikiliza. Kufunga mdomo ndiko kulikomtoa jasho.

Siku moja kabla ya mechi, duka lilikuwa na mteja mmoja tu, mama wa yule mwanafunzi wa darasa la binti. Binti aliingia kutoka shule. Aliuchukua utepe wa kupimia mezani, akaenda moja kwa moja nyuma ya pazia.

"Mama, njoo."

Fundi aliacha pasi ikiwa wima, akamfuata. Nyuma ya pazia sweta lilikuwa limeshavuliwa, limetundikwa kwenye msumari. Binti alikuwa amesimama wima. Fundi alimpima mabega, akaandika kwa chaki. Namba hakuisoma kwa sauti.

Upande wa pili, mteja alimsogelea Wifi na kumnong'oneza, kwa sauti iliyosikika kila mahali. "Eti, yamefika inchi ngapi safari hii? Si unajua tena, yule wa milango miwili?"

 Nyuma ya pazia mkono wa binti ulikwenda kwenye sweta. Wifi alikuwa na majibu kumi ya kuchekesha kwenye ncha ya ulimi. Aliyameza yote.

"Dada, mabega ya mwanangu yanatosha nguo yake," alisema. "Na jina hilo hapa dukani halitajwi. Wewe ulileta gauni la kupunguza au la kuongeza?"

"La kuongeza," mteja alisema, akainamisha kichwa.

"Basi ngoja zamu yako. Utapimwa nyuma ya pazia, na hakuna atakayesikia."

Nyuma ya pazia binti alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha zamani, cha kukoroma kidogo mwishoni. Fundi alicheka pia. Wifi alikisikia, naye akashindwa kujizuia. Kiganja chake kikainuka kama kawaida, kikafika kidevuni.

Kikasimama hapo. Kisha Wifi akakishusha, akaendelea kucheka.