Shahada ya Kwanza kwa Mara ya Pili

Taji-sauti lilipowashwa, wauguzi wote wa wadi walisogea kitandani. Lilikuwa utepe wa madini, mwembamba kama kidole, uliozungushwa kichwani mwa Mzee Ambakisye Mwakyoma. Ndani yake nyuzi laini kuliko nywele zilinasa mawimbi ya ubongo na kuyapeleka kwenye kisemezi, kidude kidogo kilichobandikwa kifuani, nacho kikayageuza kuwa maneno. Tangu apatwe na kiharusi, mzee huyo hakuwa ametamka hata neno moja.

"Hamjambo," kisemezi kikasema kwa sauti yake. "Naomba mtu anifungulie dirisha. Na huo uji wenu, samahani sana, hauna ladha."

Wadi nzima ikaangua kicheko. Roboti ya zamu ikaenda kufungua dirisha. Mhandisi Atuganile, aliyebuni mataji hayo miaka mingi kabla, alisimama miguuni pa kitanda akilia bila kujificha, maana safari hii mgonjwa alikuwa baba yake mzazi.

Mama yake peke yake, Bi Tusekile, ndiye ambaye hakucheka. Alisikiliza kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba aliyoizoea, akafunguliwa na mgeni.

"Mama, hufurahi?"

"Nafurahi, mwanangu. Ila huyo anayesema hana kigugumizi."

Ni kweli. Mzee Ambakisye alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Alifundisha hisabati sekondari, na wanafunzi wake walijua kwamba jibu likimkwama mdomoni atalimalizia ubaoni. Alipokwenda kujieleza kwa Tusekile enzi za ujana, rafiki aliyemsindikiza alitaka kumsaidia kusema, binti akamkatalia: "Mwache amalize mwenyewe." Sasa mtambo ulipojifunza sauti yake kutoka kwenye rekodi za zamani za familia, ulikihesabu kila kigugumizi kuwa hitilafu, ukakifuta.

Atuganile aliamini kasoro hiyo ina dawa. Akarudi maabara, akaandika maagizo mapya, na Jumamosi akafika nyumbani kwa wazazi wake, Uyole, na taji lililorekebishwa.

"Na-na-naomba chai," likasema.

Bi Tusekile akaweka birika chini. "Atu, sasa mnamwigiza baba yako. Toa hicho kitu."

Mzee naye akatikisa kichwa, na taji likasema kwa niaba yake, "Ni-ni-nirudishie lile la kwanza."

Siku hiyo ndipo wazo lilipomwingia Atuganile: labda dawa haikuwa taji, bali kukifundisha upya kinywa chenyewe. Hospitali za Mbeya zilijaa mataji yake, naye alizoea kujivunia jambo hilo. Lakini alipofuatilia wagonjwa mmoja mmoja, hakumwona hata mmoja aliyevaa taji kisha akarudia kusema kwa kinywa chake. Zamani wataalamu wa tiba ya usemi waliwafundisha watu wa kiharusi upya, silabi kwa silabi, na wengi walipata tena maneno. Taji lilipokuja, nani angetaka taabu hiyo? Ulimi usiotumwa ukalala. Wataalamu wakastaafu, idara zao zikafungwa moja baada ya nyingine, ikabaki moja tu, chini ya Dakta Mwajabu Kiobya.

Atuganile alimfuata ofisini kwake.

"Nina shahada za uhandisi mpaka uzamivu," alimwambia. "Naweza kuanzia uzamili wa tiba ya usemi?"

"Huwezi," Dakta Mwajabu akajibu kwa upole. "Hujui misuli ya koo. Hujui mtoto hujifunzaje kusema. Hujawahi kumshika mgonjwa kidevu. Itabidi uanze mwaka wa kwanza pamoja na watoto waliotoka kidato cha sita. Miaka minne."

"Dakta, mimi nina miaka arobaini na minane."

"Nami nina wanafunzi watatu. Unadhani nina nafasi ya kuchagua umri?"

Maabara nzima ikapata habari. Gaspari, aliyefanya naye kazi tangu ujana wao, alimfuata akiwa na vikombe viwili vya kahawa.

"Shahada ya pili naielewa," alisema. "Lakini shahada ya kwanza ya pili ndiyo mdudu gani? Hata jina lake linamtatiza mtu."

Atuganile akacheka. "Ndiyo hiyo hiyo."

"Atu, ndugu yangu, umeteuliwa kuongoza mradi wa mataji ya wasafiri wa mwezini. Mkurugenzi anasubiri jibu wiki hii. Watu wanalilia nafasi hiyo, wewe unataka kwenda kukaa dawatini?"

"Sijui ninachotaka, Gaspari. Ningejua ningekwambia."

Jioni ile alimweleza baba yake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Unataka kusoma kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Basi usisome." Sauti ya taji ilitiririka bila kukwama. "Tangu utotoni nimeishi huku watu wakinimalizia sentensi. Leo nabishana na wazee wa kanisa, nawashinda. Juzi nilisimulia kichekesho na watu wakacheka pale pale panapochekesha. Mama yako anakikumbuka kigugumizi kwa mapenzi, sawa, lakini aliyekibeba ni mimi. Nimeridhika, mwanangu. Usininyang'anye hiki."

Atuganile aliona haya. Alikuwa amewaza juu ya sauti ya baba yake bila kumwuliza mwenye sauti. Akaamua kuupokea mradi wa mwezini, na kesho yake alasiri akaenda Uyole kuwaambia wazazi.

Alasiri ilikuwa saa ya taji kupumzika, ili ngozi ya kichwa ipate hewa. Atuganile alipitia uani, na kabla ya kubisha hodi akawaona kupitia dirisha la jikoni. Wameketi kwenye benchi, sinia la maharage mabichi katikati yao. Taji liko rafuni. Baba yake alikuwa amemshika mama kifundo cha mkono, shingo imemtutumka, mdomo umepinda.

"T... tu..."

Akakwama. Akapumzika. Akaanza tena. "Tu..."

Bi Tusekile hakumsaidia wala hakumtazama. Aliendelea kumenya maharage, na mate yalipomtoka mzee pembeni mwa mdomo, akayafuta kwa kitambaa kilichokuwa tayari magotini pake. Haikuwa siku ya kwanza. Hilo Atuganile aliliona wazi.

Akabaki amesimama. Wimbi la neno lile ubongoni angeweza kulichora akiwa amefumba macho. Lakini namna ya kuusaidia ulimi ule hakuijua. Aanze na pumzi au na midomo? Amwache apumzike au amhimize? Kwa usomi wake wote, hakukumbuka kuwahi kutamani kujua jambo lolote kama alivyotamani kujua hilo.

Akaingia. Mzee akashtuka, akalinyooshea taji mkono, na mkewe akamvika.

"Baba, ulisema umeridhika."

"Nimeridhika. Kwa watu wote hili linatosha. Lakini jina la mama yako nataka kulitaja kwa mdomo wangu. Sikutaka uache kazi kwa sababu ya neno moja."

"Basi sisomi kwa ajili yako. Nasoma kwa sababu nimesimama pale nje nikaona sijui kitu, na nataka kujua."

"Miaka mingapi?"

"Minne."

"Tangu ujana mama yako amenisubiri nimalize kusema. Safari hii nitasubiri mimi."

"Na mimi je, kuna aliyeniuliza?" Bi Tusekile akadakia. "Atu, vuta kigoda. Maharage haya hayajimenyi."

Mradi wa mwezini akapewa Gaspari. Atuganile akaingia mwaka wa kwanza, na vijana watatu wakamwita Mama Mhandisi. Walimtungia wimbo wa kukariri mishipa ya koo. Naye akawafundisha fizikia ya sauti. Mtihani wa kwanza wa anatomia alifeli. Akalia kidogo chooni, akaurudia.

Chini ya uangalizi wa Dakta Mwajabu, alianza mazoezi na baba yake. Mzee alilivua taji asubuhi pia, kwa hiari yake. Wazee wa kanisa wakija, alilivaa haraka. Kubishana hakukuwa kitu cha kuacha.

Mwaka wa tatu, wakati wa baridi kali ya Julai, walikuwa wote watatu jikoni wakiota moto na kumenya viazi. Kichwa cha mzee kilikuwa kitupu, bila taji. Akavuta pumzi kama alivyofundishwa, akaitoa polepole, akagusisha ulimi nyuma ya meno.

"Tu... Tu-tu-tu..."

Atuganile akafumba mkono asije akamsaidia.

"Tu-tu... Tusekile."

Neno lilitoka limepinda, na lilichukua muda. Bi Tusekile alikuwa amekaa pale pale, bega kwa bega naye. Hata hivyo aliweka kisu chini, akafunga kitenge vizuri, akaitika kwa sauti ya mtu aliyeitwa kutoka uani:

"Abee!"