Droo ya Chini Kabisa

Kila asubuhi ya shule, kabla basi la njano halijafika pale kona, chumba cha watoto katika nyumba ya Baba Liberati kiligeuka soko. Delfina, msichana wa miaka kumi na miwili, alipiga magoti akichakura mfuko wake. Mdogo wake Yonasi, wa miaka tisa, alikuwa ameumwaga wake wote sakafuni. Rakeli, wa miaka minne, alikaa juu ya lundo hilo akivaa soksi za kaka yake mikononi.

"Soksi moja ya bluu," Yonasi alisema. "Nani ameiona?"

"Vaa ya kijani," Delfina akamjibu. "Miguu yako haina macho."

Nguo zote za watoto hao ziliishi katika mifuko ya plastiki iliyopangwa chini ya dirisha. Bibi Margareta ndiye aliyeifunga kila jioni, kwa fundo gumu alilolizoea katika kambi ya wakimbizi Tanzania, alikolea watoto wake na baadaye wajukuu. Kule mtu aliweza kuambiwa asubuhi kwamba jioni anahamishwa. Ilikuwa sasa mwaka wa tano tangu wafike Louisville, Marekani, lakini Bibi aliendelea kufunga, kana kwamba lori lingekuja kuwachukua wakati wowote.

Siku hiyo Delfina alihangaika na fundo mpaka kucha ikavunjika. Alipolifungua na kupata sweta yake, basi lilikuwa limeshaondoka.

Jioni alisimama mbele ya Bibi, mikono kiunoni. "Bibi, mimi kwenye mfuko sirudi tena. Nataka droo."

"Droo haibebeki, mjukuu wangu."

"Ndiyo maana naitaka."

Bibi alimtazama. Hakukasirika. Aliendelea kumenya viazi.

Jumamosi Baba Liberati, ambaye alifanya kazi ya kupakia maboksi ghalani, alimchukua Delfina hadi duka la vitu vilivyotumika, karibu na kanisa lao. Mwuzaji alikuwa Mama Dative, Mkongo mwenye sauti nene aliyesali nao. Alikuwa amewawekea makabati mawili ya droo kwa bei ya chini, moja refu lenye droo tano na jingine fupi lenye tatu. Yote yalikuwa yamekwaruzwa, na lile fupi halikuwa na kishikio hata kimoja.

"Bon, sikiliza muzuri, binti," Mama Dative alimwambia Delfina. "Hii haiko mbao. Iko unga ya mbao, waliibana na gundi. Usiipige maji. Panguza tu na kitambaa, kisha piga rangi, ngojea ikauke siku nzima."

"Nimesikia, Mama," Delfina alisema.

Walipoyashusha nyumbani, Mama yake, Précieuse, alisimama mlangoni na sare yake ya kazi. Alikuwa akitunza wazee.

"Chumba chenyewe kidogo," alisema. "Nawapa wiki moja. Jumamosi ijayo kama bado ni takataka, yanatoka nje na mifuko inarudi."

"Hairudi," Delfina alinong'ona.

"Umesema nini?"

"Nimesema sawa, Mama."

Patricia, jirani aliyesoma darasa moja na Delfina, alikuwa ameegemea uzio. "Hizi mmezitoa wapi, ku takataka?" aliuliza. "Siye mama alinunua mpya, kitanda na kabati rangi moja. Hizi zitaanguka mbele ya Noël."

"Basi siku ya Krismasi uje," Delfina akamwambia. "Utafungua droo moja moja kwa mkono wako. Ikianguka hata moja, nitakubebea begi lako mpaka Juni."

Maneno ya Patricia yakampandisha Delfina mori. Alitaka makabati yang'ae siku ile ile. Akakumbuka jinsi Bibi alivyokuwa akitoa vigoda na meza nje kila karibu na Pasaka kule kambini, akavisugua kwa mchanga na maji tele, kisha akaviacha juani mpaka vikawa vyeupe. Alikumbuka pia onyo la Mama Dative. Lakini akajiambia kwamba Mama Dative anajua kuuza, na anayejua kuosha ni Bibi.

"Leta mpira wa maji," alimwamuru Yonasi.

"Si ulisema yule Mama alikataza maji?"

"Wewe leta mpira."

Walianza na lile fupi. Walilipiga sabuni, wakalisugua, wakalimwagia maji juu, chini na ndani. Povu lilitiririka kwenye nyasi, na Rakeli akacheka kwa furaha. Kisha wakaliacha juani. Lile refu hawakuligusa, kwa kuwa Mama aliwaita kula.

Jumatatu Delfina aliona ubao wa chini wa lile fupi umevimba kama mkate uliodondokea kwenye chai. Droo ya chini kabisa haikuingia wala kutoka. Aliisukuma kwa goti. Akaipiga kwa kiatu. Mwishowe ikazama ndani na kukwama, naye akapaka rangi ya bluu juu ya uvimbe wote, tabaka baada ya tabaka.

"Nyamaza," alimwambia Yonasi. Yonasi akanyamaza, ila hakumwangalia usoni siku hiyo yote.

Jumamosi ikafika, na Mama akaingia kukagua. Kabati refu lilipendeza. Delfina alikuwa amelipanguza kwa kitambaa, akalipaka rangi nyeupe, kisha akachora mistari myeusi na myekundu, ile iliyo kwenye vikapu vya Kirundi alivyovisuka Bibi. Mama akatabasamu. Alikuwa ameanza kusema neno zuri wakati Rakeli aliposhika ukingo wa droo ya chini ya kabati fupi kwa mikono miwili, akajitupa nyuma kwa nguvu zake zote.

Droo haikutoka. Kabati zima ndilo lililomfuata.

Bibi, aliyekuwa amekaa kitandani, aliruka kama msichana na kulidaka kwa bega. Rakeli alibaki ameketi sakafuni, mdomo wazi, kabla ya kuanza kulia. Rangi ya bluu ilikuwa imepasuka, na unga wa mbao ukamwagika.

"Nini hiki?" Mama aliuliza, akimnyanyua Rakeli.

Delfina aliona mifuko ikirudi. Aliona fundo. "Lilikuwa hivyo tangu dukani," alisema.

Baba Liberati akainama, akabonyeza ubao kwa kidole. Ulikuwa laini. "Dative ametuuzia kitu kilichooza," alisema polepole. "Kumbe tunasali pamoja bure. Kesho baada ya ibada nitamwambia mbele ya watu."

Bibi alikuwa akimtazama Delfina, na Delfina akatazama dirisha.

Kesho yake hakusikia hata neno moja la mahubiri. Ibada ilipokwisha, watu walisimama nje kwenye maegesho ya magari, wakisalimiana. Baba akakaza tai yake na kuanza kutembea kuelekea kwa Mama Dative. Mama Dative alipowaona, aliinua juu mfuko mdogo wa karatasi.

"Binti, nimekuchungia vishikio," alimwita Delfina. "Tatu, ya ile kabati fupi. Nilitafuta wiki nzima."

Baba akafungua mdomo. Delfina akampita mbio na kusimama mbele yake, mgongo umemwelekea baba yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama Dative, ni mimi," alisema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye ngazi za kanisa. "Ulinikataza maji, nikalimwagia maji. Limevimba, nikaficha kwa rangi. Kisha nikasema ulituuzia bovu. Baba alikuwa anakuja kukugombeza kwa sababu ya uongo wangu."

Watu wakageuka. Delfina alihisi masikio yake yanawaka, lakini hakuinamisha kichwa. Baba Liberati alifunga mdomo, akautazama ule mfuko wa karatasi.

"Dada Dative, unisamehe," alisema. "Nilikuhukumu bila kukuuliza."

"Donc leo nilikuwa nipate matusi na vishikio mkononi," Mama Dative alisema, akatikisa kichwa. Kisha akauweka mfuko mkononi mwa Delfina. "Imevimba wapi? Chini tu? Basi mukate chini."

Njiani kurudi, Mama aligeuka kwenye kiti cha mbele. "Rakeli angevunjika meno, Delfina. Au zaidi. Kabati hilo linatoka nje."

"Mama, nipe adhabu yoyote," Delfina akasema. "Lakini kabati silitoi. Nililiharibu mimi, nalitengeneza mimi."

"Mwache alitengeneze," Bibi alisema kutoka nyuma. "Kambini mchwa walikuwa wakila miguu ya vitanda. Tulikata palipoliwa, tukainua kitanda juu ya matofali, tukaendelea kulala."

Mama alikubali, kwa sharti moja: Delfina angeosha vyombo vya nyumba nzima mwezi mzima. Baba alileta mbao za kweli kutoka kwenye chaga za mizigo zilizotupwa ghalani, baada ya kuomba ruhusa. Alikata sehemu iliyovimba, Delfina akapima miguu minne na kuipiga msasa. Bibi alimwonyesha namna ya kupaka nta ya mshumaa pembeni mwa droo ili iteleze. Rangi mpya ilipopakwa, Delfina aliweka kiti mbele ya mlango, akakaa hapo siku nzima akilinda isiguswe. Mwisho kabisa, mwenye nyumba alipokubali, Baba aliyafunga makabati yote mawili ukutani kwa vipande vya chuma. Yonasi, ambaye sasa alikuwa akizungumza na dada yake tena, alijaribu kulivuta lile fupi kwa uzito wake wote. Halikutikisika.

Wakagawana. Delfina na Yonasi wakachukua droo tano za kabati refu, baada ya mabishano marefu juu ya ile ya tano. Rakeli akapata mbili za kabati fupi, zenye alama ya kuku ili azijue. Ikabaki moja, ya chini kabisa, ile iliyokuwa imekwama. Kishikio chake cha shaba kilikuwa kimesuguliwa mpaka kikang'aa.

"Hii ni yako, Bibi," Delfina alisema.

"Mimi nina mfuko wangu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuachia."

Bibi Margareta akacheka kidogo, akaketi ukingoni mwa kitanda na kumvuta mjukuu wake karibu.

"Sikiliza, mbishi wangu. Patricia alikuambia huwezi, ukambishia. Mama yako alikuambia yatoke, ukambishia. Hapo sikulaumu. Lakini Mama Dative hakukuambia huwezi. Alikuambia kitu kilivyo, na maji hayakujali ubishi wako. Kisha ukaongeza uongo, ukakaribia kumwumiza mdogo wako na kumchafulia jina mtu aliyekutafutia vishikio. Ubishi wako usiuache, utakufaa sana katika nchi hii. Ila kabla hujabisha, jiulize kama una ukweli mkononi. Ukiwa nao, simama kama ulivyosimama pale kanisani, wala usimwogope mtu."

"Ndiyo, Bibi."

Kisha Bibi akauvuta mfuko wake mwenyewe kutoka chini ya kitanda. Delfina akaenda kumletea mkasi, lakini Bibi akakataa. Alilifungua lile fundo kwa vidole, taratibu, mpaka likaachia. Akatoa vitenge kimoja kimoja, akavikunja, akavilaza kwenye droo ya chini. Droo ikateleza ndani bila kelele.

Akaukung'uta mfuko mtupu, akampa Yonasi.

"Peleka jikoni," alisema. "Watie maganda ya viazi humo."