Nani Anaizima Kompyuta ya Fundi?

Fundi cherehani alikuwa na msimamo mmoja, na watu wote wa nyumbani kwake waliujua. Vazi lazima lipigwe pasi huku linashonwa. Akishona bega, anapiga pasi bega. Akishona mfuko, anapiga pasi mfuko. Mafundi wengine hupiga pasi mara moja tu, nguo ikishakamilika. Yeye aliwacheka.

"Hao wanashona magunia," alisema.

Chumba chake cha kushonea kilikuwa mbele ya nyumba, mlango ukitazama barabara. Ndani mlikuwa na vyerehani viwili, meza ya kukatia vitambaa, meza ya pasi na kompyuta moja. Kompyuta hiyo ilitunza vipimo vya wateja. Kwa miaka minne, mwanawe ndiye aliyeishughulikia. Kisha mwana akapata kazi ya kuendesha lori la masafa marefu. Kazi ya kompyuta ikamwangukia mkewe.

Mkamwana huyo alikuwa mwepesi wa vidole na mchache wa maneno. Kabla ya hapo alikuwa anashona vifungo. Alishona vifungo mwaka mzima, mpaka akawa anaviota usingizini. Siku alipokalia kiti cha kompyuta alijiona amepandishwa cheo. Alikipenda kiti kile kuliko alivyothubutu kusema.

Mwezi huo shule ya jirani iliagiza sare za wanafunzi mia tatu na kumi na wawili. Walimu walileta vipimo kwenye karatasi. Mkamwana alitakiwa kuviingiza vyote kwenye kompyuta, ili watoto wanaolingana wapangwe pamoja na vitambaa vikatwe kwa mpango. Orodha ilitakiwa Ijumaa.

Jumatatu, saa nne asubuhi, alikuwa amefika kwa mtoto wa sitini na tatu. Ghafla skrini ikawa nyeusi. Kompyuta ikanyamaza kimya.

"Umeifanya nini tena?" Fundi aliuliza kutoka meza ya pasi.

Neno "tena" ndilo lililomuuma. Kweli, hii ilikuwa mara ya tisa katika wiki tatu.

"Sijafanya kitu, Baba. Nilikuwa naandika tu."

"Mwanangu alikaa na mashine hii miaka minne. Haikuzima hata siku moja. Umeikalia wewe, kila siku inakufa. Mikono mingine ina kisirani."

Mama mkwe, mke wa Fundi, alikuwa anapinda marinda kwenye cherehani cha pili. Aliinua kichwa.

"Mzee, kompyuta si maziwa. Haichachi kwa kuguswa na mtu."

"Basi nielezeni ni nini!" Fundi alisema. "Ijumaa mwalimu mkuu anakuja. Orodha ikikosekana, kazi inakwenda kwa mafundi wengine. Hilo sitalikubali. Kama Alhamisi jioni haijakamilika, mwana wa watu, unarudi kwenye vifungo. Na mwalimu mkuu nimeshamwambia. Nimemwambia humu ndani nina mharibifu wa mashine."

Aibu ilimpanda mkamwana mpaka masikioni. Kwa hiyo hata shuleni alikuwa anajulikana kwa jina hilo! Alitamani kulia, lakini hakulia. Alipiga moyo konde. Kama kuna kitu kinaizima kompyuta ile, yeye atakitafuta mpaka akione.

Mchana alimpigia simu mumewe.

"Hivyo ni virusi," mume alisema huku lori likinguruma. "Futa kila kitu, uanze upya."

Mkamwana alikuwa tayari kufuta. Mama mkwe akamshika mkono.

"Ngoja, mwanangu. Ukifuta na ugonjwa ukabaki, si tutakuwa tumepoteza vyote? Kamwite kwanza Mama Nyaya."

Mama Nyaya alikuwa jirani yao, nyumba ya tatu. Alikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali. Aliitwa hivyo kwa sababu mkoba wake ulijaa nyaya, na akitafuta ufunguo wa nyumba, nyaya hutoka kwanza. Alifika alasiri, akitoka kazini. Kila mtu alidhani atafungua kompyuta mara moja. Hakuigusa. Alivuta kiti akaketi.

"Niambie inavyozima," alimwambia mkamwana. "Inaganda kwanza? Inatoa maandishi?"

"Hapana. Inakata papo hapo, kama taa."

"Vizuri. Kompyuta yenye virusi au programu mbovu, mara nyingi huganda au hutoa maandishi ya kulalamika. Kompyuta inayokata kama taa, kwanza tunashuku mambo mawili. Imepata joto, au imekosa umeme."

"Ni lipi kati ya hayo?"

"Sijui," Mama Nyaya alisema bila haya. "Tutapima moja baada ya jingine. Ukibadilisha mambo matano kwa pamoja, hata ikipona hutajua imeponywa na nini."

Kisha akaomba daftari. Kompyuta ikizima, mkamwana aandike mambo matatu. Ni saa ngapi? Yeye alikuwa anafanya nini? Na chumbani wengine walikuwa wanafanya nini?

"Andika ulichokiona tu," Mama Nyaya alisema. "Unachodhani kaa nacho moyoni. Na kazi yako uwe unaihifadhi kila baada ya watoto watano. Jioni unainakili kwenye flashi, unaiweka kabatini, mbali na kompyuta. Hapo hata mashine ikifa kabisa, watoto wako wako salama."

Walianza na joto. Waliizima kompyuta, wakachomoa waya wake, ndipo Mama Nyaya akafungua ubavu wake. Feni ilikuwa haionekani. Ilikuwa imefunikwa na manyoya ya nyuzi na vitambaa.

"Mnafuga kondoo humu?" aliuliza.

Walisafisha polepole kwa brashi laini mpaka feni ikazunguka vizuri.

Jumanne asubuhi kompyuta ilifanya kazi bila tatizo. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Fundi alikuwa anakata vitambaa, tena anapiga mluzi. Mkamwana alianza kutabasamu peke yake. Saa sita na robo, skrini ikawa nyeusi.

Kabla jua halijatua kompyuta ilikuwa imezima mara tatu zaidi. Mkamwana aliandika kila kitu.

"Ilipozima, uliweka mkono nyuma yake?" Mama Nyaya alimuuliza jioni. "Hewa inayotoka ilikuwa ya moto?"

"Ya kawaida tu."

"Basi joto si tatizo lenyewe. Usikunje uso hivyo! Jana tulikuwa na washukiwa wawili, leo tumebaki na mmoja. Hiyo ni kazi imefanyika."

Jumatano Fundi alishinda nje akitafuta nyuzi na vitambaa. Siku hiyo kompyuta haikuzima hata mara moja. Mkamwana alijifunga kibwebwe. Aliingiza watoto mia moja na thelathini, na chakula chake kikapoa mezani.

"Umeona?" Fundi alisema aliporudi. "Imepona yenyewe. Ilikuwa inakuzoea."

Mkamwana hakuridhika. Kitu kinachopona chenyewe huweza kuugua tena chenyewe, na Ijumaa ilikuwa karibu. Alikaa na daftari lake, akasoma mstari kwa mstari.

Jumanne asubuhi: Baba anakata vitambaa. Haikuzima.

Jumanne, saa sita na robo: Baba anapiga pasi kola. Imezima.

Saa nane: Baba anapiga pasi mfuko. Imezima.

Saa tisa na nusu: Baba anapiga pasi mkono wa shati. Imezima.

Saa kumi na moja kasoro: Baba anapiga pasi. Imezima.

Jumatano: Baba hayupo. Haikuzima.

Alilifunga daftari haraka, kama mtu aliyesoma barua isiyo yake. Atamwambiaje baba mkwe jambo kama hili? Alimfuata mama mkwe jikoni, akamsomea kwa sauti ya chini. Mama mkwe alicheka mpaka akaketi sakafuni.

"Mharibifu amepatikana! Na mimi nimeishi naye miaka thelathini!"

Mama Nyaya alipokuja jioni hiyo, hakucheka. Aliposomewa, aliuliza swali moja tu.

"Wiki tatu zilizopita, haya yalipoanza, nini kilibadilika humu?"

"Mimi ndiye niliyebadilika," mkamwana alijibu kwa unyonge. "Ndiyo wiki niliyoanza kazi hii."

"Na kingine?"

Mkamwana alifikiri. "Ililetwa ile meza kubwa ya kukatia. Haikuenea. Ikabidi kompyuta itoke pale dirishani, ikakaa karibu na pasi." Macho yakamtoka. "Tukaichomeka kwenye ekstensheni, waya uleule wa pasi!"

"Ahaa. Kwa hiyo wewe na ule waya mlianza wiki moja. Wakakuona wewe, waya hawakuuona. Lakini bado ni dhana. Kesho nitapita kabla ya kwenda kazini, tuipime."

Alhamisi asubuhi wote wanne walikuwa chumbani. Mkamwana aliinamisha kichwa kidogo kwa heshima.

"Baba, tunaomba utusaidie. Washa pasi."

"Kwani mnanipima mimi?"

"Tunapima waya, mzee," Mama Nyaya alisema. "Wewe fanya kama siku zote."

Kwanza waliiacha kompyuta iwake peke yake, na ikawaka bila wasiwasi. Fundi akawasha pasi. Taa ndogo nyekundu ya pasi ikawaka, na skrini ikawa nyeusi papo hapo.

"Imetokea tu," Fundi alisema.

Walirudia. Taa ya pasi ikawaka, kompyuta ikazima. Mara ya tatu, ikawa vilevile. Kisha Mama Nyaya akaihamishia kompyuta kwenye soketi yake ya zamani, pale dirishani. Pasi ikawashwa tena. Ikapata moto, ikajizima, ikapoa, ikajiwasha yenyewe. Kompyuta haikutikisika.

Fundi aliitazama pasi. Akaitazama kompyuta. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso.

"Pasi inavuta umeme mwingi kwa mpigo mmoja," Mama Nyaya alieleza. "Waya huu ni mwembamba, na plagi yake inazidi kulegea kila siku. Pasi ikijiwasha, kompyuta haipati umeme wa kutosha. Inakata."

Alizima swichi ya ukutani, akachomoa ekstensheni. Plagi ilikuwa imeungua upande mmoja, nyeusi kama mkaa.

"Shika waya, mzee."

Fundi alishika, akauachia upesi. Ulikuwa wa moto.

"Kompyuta imewafanyia hisani," Mama Nyaya alisema. "Mngeendelea hivi, waya huu ungeshika moto. Na tazama humu ndani. Kila mnachokiona ni kitambaa."

Mama mkwe aliangalia marobota ya vitambaa, akaangalia mlango, na safari hii hakuwa na utani.

Walikubaliana siku ileile. Pasi itachomekwa moja kwa moja ukutani, peke yake. Fundi umeme ataitwa aikague soketi kabla haijatumika tena. Waya ulioungua hautatumiwa na mtu yeyote. Fundi aliomba mkasi aukate vipandevipande asije mtu akauokota. Mama mkwe akampa mkasi wa vitambaa.

"Huo hapana!" Fundi aling'aka. "Nipe ule wa jikoni."

Alipomaliza kuukata, alitoka nje. Mkamwana hakujua kama baba mkwe amekasirika au ameona haya. Alirudi kwenye kiti chake. Fundi umeme alifika mchana, akabadilisha soketi, kwani nayo ilikuwa imeungua. Baada ya hapo pasi ilifanya kazi yake na kompyuta ikafanya yake. Jioni, jua likiwa bado halijazama, mkamwana aliingiza jina la mtoto wa mia tatu na kumi na mbili. Alihifadhi. Alinakili kwenye flashi. Kisha akaketi tu, mikono mapajani. Alikuwa amechoka, na alikuwa na furaha ambayo hakujua aipeleke wapi.

Ijumaa saa mbili mwalimu mkuu alifika, mama mrefu mwenye sauti ya kuita gwaride. Alikagua orodha ukurasa kwa ukurasa.

"Safi kabisa," alisema. "Imepangwa vizuri kuliko ya mwaka jana." Kisha akacheka. "Kumbe fundi umeshamwondoa yule mharibifu wa mashine!"

Vidole vya mkamwana viliganda juu ya meza. Mama mkwe alisimamisha cherehani.

Fundi aliiweka pasi chini. Akajifuta mikono.

"Hajaondoka, mwalimu," alisema. "Yuko mbele yako. Mharibifu ni mimi na pasi yangu. Mimi ndiye niliyekuwa naizima kompyuta, kisha nikamsingizia mwenzangu. Huyu binti hakubishana nami. Aliandika, akapima, akanionyesha. Pengine ametuokoa na moto." Akamgeukia mkamwana. "Nilikutangaza vibaya kwa watu, mwanangu. Nisamehe."

Machozi aliyoyazuia tangu Jumatatu yalimtoka mkamwana, na hakujali kama mwalimu mkuu anaona.

"Yameisha, Baba," alisema mwishowe.

"Hayajaisha," Fundi alisema. "Mwalimu, huyu ndiye atakayesimamia sare zako. Ukiwa na swali lolote, usiniulize mimi. Muulize yeye."

Mwalimu mkuu aligeuza kiti chake kutoka upande wa Fundi, akaketi kumwelekea mkamwana, akafungua daftari lake.