Dhahabu Isiyobanduka

Maiti ilikuwa imeketi kitini, kichwa kimelala juu ya meza ya kazi, na mkono wa kushoto ulionyooshwa mbele uling'aa dhahabu.

Marehemu alikuwa mwenye karakana. Wote walimwita Mama Dhahabu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza tatuu za dhahabu za kubandika. Hizi hazitaki sindano. Unaibandika karatasi kwenye ngozi, unailowesha, unaibandua, nawe unabaki na ua au bangili inayometameta siku tano. Kando ya kichwa chake palikuwa na chupa tupu ya dawa ya kusafishia mashine, na kikombe.

"Amekunywa," alisema koplo. Alikuwa mwanamke mwepesi wa kila jambo, hasa wa kukata shauri.

Inspekta hakuwa na haraka. Kituoni walimwita Kobe, naye alilijua jina hilo wala halikumkera. Aliinama juu ya mkono wa marehemu. Toka kiwiko hadi kifundo cha mkono zilipangwa herufi tisa za dhahabu, na hakuna hata neno moja alilolielewa.

"Hii lugha gani?"

Koplo alipiga picha kwa simu, akaigeuza kama kwenye kioo. Wakasoma pamoja: NIMECHOKA.

Mlangoni mtu alitoa sauti kama aliyepigwa ngumi ya tumbo. Alikuwa binti wa marehemu, mtoto wake wa pekee, ndiye aliyefungua karakana asubuhi hiyo na kumkuta mama yake.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemwua."

Koplo alishika pingu. Inspekta alimtuliza kwa jicho, akamwingiza binti katika chumba cha pembeni, akamketisha juu ya boksi la karatasi.

"Haya, mwanangu. Umemwuaje?"

"Kwa mdomo. Jana mchana alinipigia simu. Umekula? Umefika? Umevaa sweta? Nina miaka ishirini na sita, afande! Nikamwambia, mama, umenichosha, niache niishi. Akakata simu. Hakupiga tena." Alifuta pua kwa kiganja. "Sasa amenijibu."

"Ugomvi huo nani mwingine aliujua?"

"Mjomba tu. Nilimpigia nikamwomba amtulize mama. Kiburi kilinizuia kupiga mwenyewe."

Inspekta alikuwa na mabinti wawili. Alimtazama msichana, akajua kwamba faili hilo likifungwa kwa neno lile, huyu atalibeba mpaka kaburini. Kazi aliijua siku nyingi, lakini asubuhi hiyo aliiogopa.

Mjomba alifika saa nne. Alikuwa mdogo wake marehemu, mtu wa shati lililopigwa pasi na ulimi uliopigwa pasi zaidi. Yeye ndiye aliyenunua vifaa vya karakana na kusambaza tatuu madukani. Kidole gumba cha kulia alikuwa amekifunga plasta.

"Maskini dada," alisema, akiutazama mkono wa marehemu. "Alikuwa mtu wa vioo. Bila shaka alilichapa hivyo ili alisome kwenye kioo kabla ya kuondoka duniani."

"Wewe unajua kuchapa?"

"Mimi? Mimi muuzaji, afande. Mashine naipita tu."

"Simu yake inaonyesha jana saa kumi na moja jioni alikupigia."

"Alitaka niagize karatasi."

"Ukaja hapa?"

"Sikuja."

"Kidole kimefanyaje?"

"Mlango wa gari."

Inspekta aliandika. Aliandika polepole sana, hata Mjomba akaanza kukohoa.

Baada yake aliingia fundi wa mashine, mzee aliyeitwa Kinyume. Aliitwa hivyo kwa sababu alisoma gazeti likiwa juu chini bila taabu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mzee, nieleze kazi hii kama unavyomweleza mjinga."

"Si vigumu, afande. Tatuu ikibandikwa, karatasi inapinduliwa. Upande unaouona wewe ndio unaolalia ngozi. Kwa hiyo kila kitu tunakichapa kinyume, ili kwenye ngozi kikae sawa. Tunachukua karatasi yenye utelezi, tunachapa mchoro, tunaifunika kwa utando wa dhahabu na kuibana kwa joto. Dhahabu inashika penye wino, kwingine inatoka. Mwisho kabisa tunapaka gundi."

"Kwa hiyo neno hili halikugeuzwa kabla ya kuchapwa."

"Lilichapwa kawaida, kama barua. Ndiyo maana limegeuka mkononi."

"Mama hakuweza kusahau?"

Mzee nusura acheke. "Huyo? Huyo alisaini jina lake kinyume benki, wakamrudisha nyumbani! Miaka kumi na minne alipanga herufi zake kinyume. Asingekosea hata usingizini."

"Na asiyejua kazi?"

"Anayeona maua tu hawezi kujua. Ua halina mbele wala nyuma, likigeuka ni ua. Maneno tunachapa kwa nadra, na alichapa bibi mwenyewe."

"Jana kulikuwa na jambo lolote?"

Kinyume alishusha sauti. "Alikuja mteja, mkono umejaa malengelenge. Alibandika tatuu yetu, ikakataa kutoka, alipoivuta ikaja na ngozi. Bibi alifungua kopo la gundi, akanusa, akaketi. Akaniambia, 'Fundi, nenda nyumbani. Kesho tunafunga, na mzigo wote uliotoka urudi.' Mimi mwezi mzima nilisema gundi inanuka tofauti. Nikaambiwa pua imezeeka."

"Nani hununua gundi?"

"Mjomba."

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mahakama haihukumu kwa methali. Inspekta alichukua kopo, akalipeleka maabara, kisha akaenda chumba cha maiti.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. "Tumboni hamna dawa ya mashine, hata tone. Puani mna nyuzi za kitambaa, na mdomo umechanika kwa ndani. Amezibwa pumzi."

Koplo alitazama viatu vyake.

"Na tatuu?" aliuliza inspekta.

"Imebandikwa baada ya kufa. Tazama pembeni. Ngozi imechubuliwa, mtu amesugua kwa nguvu zake zote, na hapakutoka damu. Maiti haivuji. Mimi mwenyewe nimejaribu kwa mafuta na kwa spiriti. Haitoki."

"Kwa nini mtu abandike kisha asugue?" aliuliza koplo.

"Kwa sababu aliinua karatasi," alijibu inspekta, "akaona amekosea."

Alasiri hiyo Mjomba aliketishwa katika chumba cha mahojiano. Juu ya meza inspekta alipanga karatasi moja ya tatuu, bakuli la maji na chupa ndogo ya mafuta ya kupikia. Aliibandika karatasi juu ya kifundo cha mkono wake mwenyewe, akailowesha kwa pamba, akahesabu kimoyomoyo, akaibandua. Nyoya la dhahabu lilibaki, limenyooka, zuri.

"Hii ni ya mwaka jana. Ina gundi ya ngozi." Alidondosha mafuta, akapangusa. Nyoya liliyeyuka, likaisha. "Unaona? Ile ya dada yako imekataa. Maabara wamenipigia simu. Kopo lile lina gundi ya soli za viatu."

"Labda aliyeniuzia alinidanganya."

"Labda. Toa plasta."

"Kidole kinauma, afande."

"Toa."

Mjomba hakusogea. Koplo alizunguka meza, akamshika mkono, akaivuta plasta kwa mkupuo mmoja. Gumba halikuwa limebanwa na mlango wowote. Lilikuwa na doa la dhahabu, limeng'ang'ania kwenye mistari ya kidole, na ngozi iliyolizunguka ilikuwa imekwanguliwa hadi nyama.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Niliisugua," alisema Mjomba hatimaye. Sauti yake ilikuwa imekunjamana. "Nilisugua mpaka mikono ikafa ganzi. Haikutoka."

"Anza mwanzo."

"Gundi ya ngozi ni ghali. Nilijua ile nyingine ina madhara, nikasema si wote watakaoumia. Jana aliniita. Alikuwa tayari ameandika tangazo la kurudisha mzigo, na jina langu limo. Angenitaja kwa kila mteja aliyeungua. Mimi! Kila duka wananiinukia kwa heshima nikipita."

"Kwa hiyo heshima yako ikawa na uzito kuliko pumzi yake."

Mjomba alifunika uso. "Alinipa mgongo. Kitambaa cha mashine kilikuwa mkononi mwangu."

"Na neno?"

"Mwandiko wake kila mtu anaujua. Dhahabu haina mwandiko. Nilimwona akichapa mara nyingi, nikadhani najua."

"Ulichagua NIMECHOKA kwa sababu binti alikuwa amekueleza ugomvi wao."

Mjomba alikificha kidole chini ya meza.

"Mtoto wa dada yako. Ulikuwa radhi aishi na neno hilo."

"Nilijua angeamini," alisema Mjomba.

Koplo alitoka nje, akausukuma mlango kwa bega. Inspekta alibaki. Miaka ishirini na mbili kazini hakuwahi kutamani kumzaba mtuhumiwa kofi, na siku hiyo alitamani. Badala yake aliuliza swali ambalo halikuwa na nafasi katika fomu.

"Kabla hujamziba, alisema nini?"

"Aliniambia nimalize maneno yangu haraka, ameshachelewa. Mkoba ulikuwa begani."

"Kwenda wapi?"

"Kwa binti yake. Alisema, 'Leo nimeukwaza moyo wa mwanangu. Silali kabla sijapatana naye.'"

Inspekta aliyaandika maneno hayo kama yalivyo, akamtaka aweke sahihi chini yake.

Binti alikuwa benchini pale kituoni tangu mchana, hajala wala hajanywa. Inspekta aliketi kando yake. Alimweleza nani alifanya na kwa nini, bila kuzungusha. Alipotajwa mjomba wake, msichana hakulia. Alikodoa tu macho ukutani. Kisha inspekta alimsomea mistari miwili ya mwisho.

"Rudia," alisema binti.

Akarudia.

"Kumbe alikuwa anakuja kwangu?"

"Alikuwa anakuja, mwanangu."

Hapo ndipo alipomlilia mama yake.