Picha Isiyo na Sidonie

Kila asubuhi Sidonie aliteka maji, akafagia ua, akanywa uji wake nusu, kisha akashika njia ya shule pale Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu mama yake auawe kwao Kivu Kusini, Kongo, alilelewa na mama yake mdogo, Perpétue, na hakuna aliyewahi kumwona akilia. Watu walimsifu kwa hilo, nao walikosea.

Siku moja mwaka 2013 alifika Madamu Constance, mtafiti kutoka Mbarara, kupima matumaini ya wanafunzi wenye msongo wa mawazo. Aliwagawia karatasi ya maswali kumi na mawili, na nyingine tupu ya kuchora nyumbani kwao miaka kumi ijayo. Akawaambia kwamba hakuna jibu la kosa.

Sidonie hakuamini. Perpétue alikwisha kumwonya kwamba kila mgeni mwenye karatasi ni wa mahojiano ya wakimbizi wanaoomba kuhamishiwa ng'ambo, na jibu moja baya laweza kuharibu faili la familia nzima. Basi akaweka alama ya juu kila mahali. Kwa karatasi ile, hata mwalimu mkuu asingemfikia kwa matumaini.

Kwenye picha alichora nyumba ya bati, shamba la mahindi, Perpétue na watoto wake watatu. Alichora vizuri, bila haraka.

Madamu Constance alimwita nje, picha mkononi.

"Picha ni mzuri. Lakini wewe uko wapi?"

Sidonie akaitazama. Hakuwa amekusudia kujiacha.

"Sioni fasi yangu," akasema polepole. "Siku mingi naona afazali nisiamuke."

Papo hapo akajuta, akidhani faili limekwisha kuharibika. Madamu hakumkemea. Alimhakikishia kwamba karatasi zile haziingii kwenye faili lolote, ila jambo hilo lazima Perpétue alijue siku hiyohiyo. Wakaongozana hadi shambani, Perpétue alikokuwa akipalilia maharagwe.

Perpétue alisikiliza mpaka mwisho, akaketi palepale kwenye udongo.

"Mutoto wangu, ni mimi nilikufundisha kuficha," akasema. "Niliona kama nakulinda. Lakini mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamuumbua. Kama kitu kinakuuma, useme kwa mutu mukubwa mapema."

Kesho yake walikwenda zahanati ya Base Camp, mle mle kambini, ambako Sidonie angeonana na mshauri wa afya ya akili kila wiki. Mshauri aliuliza jina la mgonjwa. Perpétue akalitaja la Sidonie, kisha akataja na la kwake, kama mgonjwa wa pili.